SUKARI HUJIBU KULINGANA NA ANAYEIULIZA

Nimeishika kalamu ili niandike juu ya kemia, na najua wako watakaouliza, "Ala! Kemia na Chama cha Kiswahili, wapi na wapi?" Jawabu langu ni fupi. Sukari tunainunua kwa Kiswahili, tunaitia chaini kwa Kiswahili, na jamaa zetu wanaugua kisukari kwa Kiswahili. Kwa nini basi tushindwe kuieleza kwa lugha hiyo hiyo?

Liko jambo jingine lililonisukuma. Hapa kwetu Lamu, ukikaa barazani jioni utamsikia mtu mwenye kisukari akipewa ushauri huu: "Wacha sukari ya dukani, lakini asali na tende hazina neno. Hiyo ni sukari ya Mungu." Nimeyasikia hayo hata nyumbani kwetu, bibi yangu akiambiwa na jirani aliyemletea sahani ya tende. Maneno hayo husemwa kwa mapenzi, lakini je, ni ya kweli? Wa kutujibu ni sukari yenyewe. Kazi yetu ni kujua namna ya kuiuliza, kwa maana sukari ile ile humjibu huyu hivi na yule vile.

Sukari sahili ni zipi?

Sukari sahili ni zile ambazo haziwezi kuvunjwa zikatoa sukari nyingine ndogo zaidi. Tunazokutana nazo sana ni tatu: glukosi, fruktosi na galaktosi. Zote tatu zina fomula moja, C6H12O6. Zinatofautiana kwa mpangilio wa atomu zake tu, kama vile herufi zile zile zinavyoweza kuandika "kata" na "taka".

Sukari ya dukani si sahili. Jina lake ni sukrosi, na kila molekuli yake ni glukosi moja iliyounganishwa na fruktosi moja. Sukari ya maziwa, yaani laktosi, ni glukosi na galaktosi. Asali kwa wastani ina fruktosi kama asilimia 38 na glukosi kama asilimia 31, na nyingi ya sehemu inayobaki ni maji. Tende laini iliyoiva nayo ina glukosi na fruktosi kwa wingi.

Ili tuelewane vyema, hebu tuifananishe molekuli ya glukosi na nyumba ya mawe ya mjini Lamu yenye vyumba sita vilivyofuatana, kila chumba kikiwa atomu moja ya kaboni. Chumba cha kwanza kina mlango wa mbele unaofunguka kwa wepesi. Wanakemia huuita alidehidi. Chumba cha sita kina mlango wa nyuma, mzito, ambao ni kundi la alikoholi. Vyumba vya katikati vimetenganishwa kwa kuta. Nyumba ya fruktosi nayo ina vyumba sita, ila mlango wake mkuu uko chumba cha pili, na huo huitwa ketoni.

Na sukrosi je? Hizo ni nyumba mbili zilizojengwa zikakabiliana mlango kwa mlango, kisha zikaunganishwa pale pale milangoni. Hakuna pa kuingilia. Likumbuke sana jambo hili, tutalirudia.

Kuoksidisha maana yake nini?

Kwa ufupi, kuoksidisha kitu ni kukinyang'anya elektroni. Kile kinachonyang'anya huitwa kioksidishaji. Kikishazipata elektroni hizo, nacho hubadilika, na mara nyingi mabadiliko hayo tunayaona kwa macho: rangi hugeuka, au mashapo hushuka chini. Vioksidishaji hawana nguvu sawa. Wako wapole wanaobisha hodi mlango wa mbele tu, wako wenye nguvu wanaofungua mbele na nyuma, na wako wakorofi wanaobomoa kuta zote. Tuwaangalie mmoja mmoja.

Wa kwanza: shaba

Huyu tunamjua sote kutoka maabara ya biolojia. Ni mmumunyo wa Benedict, uliopewa jina la mwanakemia Mmarekani Stanley Benedict, aliyeutengeneza mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla yake, mwaka 1849, Mjerumani Hermann von Fehling alikuwa ametoa mmumunyo wake wa shaba, lakini ule huwekwa katika chupa mbili na kuchanganywa wakati wa kutumiwa. Wa Benedict hukaa chupa moja na haiharibiki upesi.

Lita moja ya Benedict ina gramu 17.3 za salfeti ya shaba, pamoja na kaboneti ya sodiamu inayoufanya mmumunyo uwe wa alikali, na sitreti ya sodiamu inayoizuia shaba isishuke chini kabla ya wakati. Rangi yake ni bluu. Ukiuchemsha pamoja na glukosi, shaba hunyakua elektroni kutoka mlango wa mbele, halafu hushuka ikiwa oksidi ya shaba, Cu2O, yenye rangi nyekundu ya tofali. Sukari ikiwa kidogo utaona kijani, ikizidi kidogo manjano, ikizidi tena rangi ya machungwa, na ikiwa nyingi nyekundu.

Sisi katika maabara yetu tulijaribu vitu vitano vya kwetu. Matokeo yalikuwa haya:

(a) Maji ya sukari ya dukani: bluu, hayakubadilika.
(b) Asali iliyotiwa maji: nyekundu ya tofali, upesi sana.
(c) Maji ya tende: nyekundu ya tofali.
(d) Maji ya dafu: rangi ya machungwa.
(e) Shira ya kaimati iliyopikwa kwa ndimu: rangi ya machungwa.

Tazama (a) na (e), msomaji. Zote mbili zimetoka katika pakiti moja ya sukari! Mbona ya kwanza ikakaa kimya na ya tano ikasema? Siri iko katika ndimu. Mama zetu hukamulia ndimu katika shira ili isigande ikawa chenga. Asidi ya ndimu pamoja na moto huvunja kile kiungo cha milangoni, na sehemu ya sukrosi ikawa glukosi na fruktosi, milango wazi. Maabarani tunafanya kazi hiyo hiyo kwa asidi ya hidrokloriki, tukaizima kwa baikaboneti ya sodiamu, kisha ndipo tukatia Benedict. Kumbe jaribio la "sukari isiyopunguza" linalotutoa jasho wakati wa mtihani, mama amelifanya jikoni miaka na miaka!

Hapa pana funzo kwa wanunuzi wa asali. Misitu ya Boni inasifika kwa asali, na ndugu zetu Waaweer, ambao wengi huwaita Waboni, ni mahodari wa kuitafuta. Lakini penye kitu kizuri waigaji hawakosi. Je, Benedict anaweza kumnasa muuzaji wa asali bandia? Jibu ni ndiyo na siyo. Chupa ikiwa na maji ya sukari matupu yaliyokolezwa rangi, mmumunyo utabaki bluu na mwongo ataumbuka. Lakini asali ikichanganywa nusu kwa nusu na sukari, bado itageuka nyekundu. Na aliyepika sukari kwa ndimu naye atapita salama. Kwa hivyo bluu humshtaki mtu, lakini nyekundu haimtakasi.

Upungufu mwingine wa shaba ni kwamba haitofautishi glukosi na fruktosi. Unaweza kuuliza, fruktosi yenye ketoni inajibuje wakati mlango wake si alidehidi? Ni kwa sababu ya alikali. Ndani ya alikali fruktosi hujipanga upya na nyingine kati yake hugeuka kuwa glukosi. Kadiri glukosi inavyotumika ndivyo fruktosi nyingine inavyogeuka. Aidha, vitamini C nayo huigeuza Benedict, ingawa si sukari. Mwenye haraka anaweza kuona nyekundu akatangaza sukari pasipo na sukari.

Wa pili: fedha

Fedha naye hubisha hodi mlango wa mbele. Jaribio hili lina jina la Mjerumani Bernhard Tollens. Nitreti ya fedha huyeyushwa ndani ya amonia, ikatiwa glukosi, kisha ikapashwa moto taratibu katika maji ya vuguvugu. Ayoni za fedha huchukua elektroni na kugeuka fedha halisi, ambayo hujipaka ndani ya kioo cha testi-tyubu. Ukitazama utajiona uso wako! Fundi wa fedha wa Lamu huifua pete kwa nyundo na moto, lakini glukosi huifua fedha bila hata kelele, tena nyembamba kuliko karatasi. Njia ya jamii hii ilitumiwa viwandani kutengeneza vioo vya kujitazamia.

Nawaonya wenzangu: mmumunyo huu usiwekwe ukalala. Ukikaa unaweza kufanya kitu kinacholipuka. Mwalimu huutengeneza siku ile ile na kuumwaga siku ile ile.

Wa tatu: maji ya bromini

Huyu ndiye mpelelezi. Maji ya bromini yana rangi ya machungwa yenye wekundu, na mazingira yake ni ya asidi kidogo, si ya alikali. Kwa hivyo fruktosi haipati nafasi ya kujigeuza kuwa glukosi. Glukosi huoksidishwa ikawa asidi ya glukoni, na rangi ya bromini hutoweka:

C6H12O6 + Br2 + H2O → C6H12O7 + 2HBr

Fruktosi haifanyi hivyo, na rangi hubaki. Swali ambalo shaba na fedha hawakuweza kulijibu, bromini amelijibu. Lakini mvuke wa bromini ni sumu, huunguza macho na kifua. Si mchezo wa mwanafunzi peke yake.

Wa nne: wenye nguvu

Asidi ya nitriki ikiwa moto hufungua mlango wa mbele na wa nyuma kwa pamoja. Glukosi hutoa asidi ya glukari, ambayo huyeyuka majini. Galaktosi hutoa asidi ya musi, ambayo haiyeyuki vizuri na hushuka kama unga mweupe. Mswidi Carl Wilhelm Scheele aliipata asidi hii kutokana na sukari ya maziwa mwaka 1780. Baadaye Mjerumani Emil Fischer alitumia mabadiliko ya namna hii kutambua jinsi atomu za glukosi zilivyopangwa, jambo alilolikamilisha mwaka 1891. Mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Hebu fikiri, mtu hakuwa na mashine ya kuziona atomu, lakini kwa kuiuliza sukari maswali yanayofaa akaijua nyumba nzima chumba kwa chumba!

Asidi ya peryodiki nayo hubomoa kuta. Molekuli tano zake huivunja glukosi moja vipande sita: vitano ni asidi ya fomiki, ile inayopatikana katika sumu ya chungu wengine, na kimoja ni fomalidehidi.

Wa tano: oksijeni, akiwa na kiongozi

Oksijeni ya hewani peke yake ni mvivu mbele ya sukari. Ndiyo maana bakuli la sukari halishiki moto mezani. Lakini akipata kimeng'enya cha kumwongoza, hufanya kazi ya ajabu. Nyuki hutia katika asali kimeng'enya kinachoitwa glukosi oksidezi. Hicho huiongoza oksijeni kwa glukosi tu, na kutoa asidi ya glukoni pamoja na hidrojeni peroksidi, H2O2. Asidi hiyo ndiyo iliyo nyingi kuliko asidi zote za asali, na peroksidi hiyo ni moja ya sababu zinazofanya vijidudu visistawi ndani yake.

Sasa sikilizeni vizuri. Kimeng'enya hicho hicho kiliingizwa katika vipimo vya hospitali. Mwaka 1962 Wamarekani Leland Clark na Champ Lyons walieleza namna ya kukiunganisha na elektrodi ili kupima glukosi. Kile kijikaratasi kidogo ambacho muuguzi hukitia tone la damu kutoka kidoleni, kisha mashine ikaonyesha nambari, ni mtoto wa fikira hiyo. Baadhi ya vijikaratasi vya leo hutumia kimeng'enya kingine cha jamaa yake, lakini kazi ni moja: kuinyang'anya glukosi elektroni na kuzihesabu.

Zamani hospitali zilitumia Benedict yule yule wa maabara yetu. Matone 8 ya mkojo yalitiwa katika mililita 5 za Benedict, yakachemshwa dakika 5, rangi ikatazamwa. Jaribio hilo lilisaidia wengi, lakini lina kasoro kubwa. Figo huizuia glukosi isitoke mpaka ipite kiasi cha milimoli 10 hivi kwa lita ya damu. Nacho kisukari, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, huanza milimoli 7.0 kwa mtu aliyeamka na njaa. Basi mtu anaweza kuwa na 8 au 9, mkojo wake ukasema bluu, naye akarudi Pate au Kiunga na mashua akishangilia kumbe ni mgonjwa. Na wale wanaongoja waone chungu wakiufuata mkojo wamechelewa zaidi.

Na mwilini je?

Mwilini oksijeni huongozwa na vimeng'enya vingi, hatua kwa hatua, mpaka kuta zote zinavunjwa:

C6H12O6 + 6O2 → 6CO2 + 6H2O

Kila gramu 180 za glukosi hutoa nishati ipatayo kilojuli 2,800. Hiyo ndiyo inayotukimbiza mpirani na inayompa baharia nguvu ya kuvuta tanga. Kwa mwenye kisukari, insulini imepungua au haifanyi kazi ipasavyo, glukosi ikabaki inazunguka katika damu badala ya kuingia inakotakiwa. Ikikaa hivyo miaka, huharibu macho, figo, mishipa na miguu.

Turudi kwenye sahani ya tende

Sasa tunaweza kulijibu lile neno la "sukari ya Mungu". Hakika zote ni za Mungu, hata muwa hakuuotesha mwanadamu. Swali ni, mwili unaona nini? Sukari ya dukani ilimficha Benedict uso, lakini utumbo una kimeng'enya chake kinachoifungua mara moja, ikawa glukosi na fruktosi. Tende na asali zimekuja zikiwa zimekwisha kufunguliwa. Glukosi ya asali na glukosi ya pakiti ya dukani ni molekuli moja, hazina alama ya zilikotoka. Mashine ya hospitali haiwezi kuzibagua, na damu pia haizibagui.

Sisemi kwamba mgonjwa asionje tende. Tende ina nyuzinyuzi na madini, na kufuturu kwa tende ni jambo tunalolienzi. Ninalosema ni kwamba lazima ihesabiwe, kama vile kijiko cha sukari kinavyohesabiwa, na wa kumwambia mgonjwa ale ngapi ni daktari wake, si jirani wala mimi.

Kuna jambo dogo la kufanya nyumbani leo leo. Kabla ya kumpima mzee damu, mnawishe mikono kwa maji na sabuni, kisha mkaushe vizuri. Kidole kilichoshika tende au asali hubaki na glukosi juu ya ngozi. Kimeng'enya hakijui kama glukosi hiyo ilitoka kwenye mshipa au kwenye sahani, kitaihesabu yote. Nambari itapanda uongo, na mtu anaweza kuongezewa dawa asiyoihitaji, sukari yake ikashuka ghafla. Hilo ni hatari hasa kwa aliye kisiwani, hospitali ikiwa ng'ambo ya maji na bahari imechafuka.

Wenzangu wa kidato cha nne, mkiingia katika mtihani msikariri tu "bluu hadi nyekundu". Jiulizeni: kioksidishaji hiki kinabisha mlango gani? Kinaweza kunificha nini? Mwenye kuuliza swali moja hupata jibu moja, na sukari, kama watu, haisemi isiloulizwa.

Elimu ni bahari, na mimi nimechota kata moja tu. Walimu wetu wa kemia na biolojia wanakaribishwa kuongeza palipopungua katika toleo lijalo. Kalamu naiweka chini. Wassalaam.